Kairo Iliyojengwa Unguja: Taarab na Safari za Wasikilizaji Wake

Miongoni mwa miziki iliyokulia katika pwani ya Afrika Mashariki, taarab ya Unguja ndiyo iliyodhamiria waziwazi kumtoa msikilizaji mahali alipoketi na kumpeleka pengine. Kwa zaidi ya karne moja, watu waliokusanyika katika kumbi za Mji Mkongwe na katika mitaa ya Ng'ambo wamesikiliza udi, kanuni, fidla na nai zikipigwa kwa namna ya Kairo, mji ambao wengi wao hawakuwahi kuutia machoni, ilhali maneno yaliyoimbwa juu ya ala hizo yalikuwa ya Kiswahili na yalihusu mapenzi, fitina, husuda na hukumu za hapohapo mjini. Makala haya yanafuatilia historia ya safari hiyo tangu enzi ya Seyyid Barghash hadi leo, na yanadai kwamba Kairo ya wanataarab ilijengwa Unguja: kila kizazi kiliichagua upya kwa kadiri ya haja zake, na kila kilipoichagua kilikuwa kikidai nafasi yake nyumbani.

Taarab, kwa maana inayotumika hapa, ni muziki wa mjini unaounganisha ala za Kiarabu na ushairi wa Kiswahili, na unaopigwa na kundi lililoketi mbele ya hadhira iliyoketi pia, jambo lililoutenga tangu mwanzo na ngoma, ambazo wapigaji, waimbaji na wachezaji wake huchanganyika uwanjani. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na hutaja msisimko wa nafsi unaomshika mtu kwa kusikiliza sauti nzuri. Hata hivyo, muziki huu haukuikuta pwani ikiwa tupu, kwa kuwa mabaharia na wahamiaji kutoka Yemeni walikuwa wamekwisha kuleta gambusi, ambayo Lamu huitwa kibangala, ala ndogo ya nyuzi iliyochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, na kwa kuwa kaswida, maulidi na usomaji wa Kurani kwa sauti vilikuwa vimeyazoesha masikio ya watu mwendo wa sauti za Kiarabu. Kilichokuja katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilikuwa kitu kingine: muziki wa kasri, uliochaguliwa na mtawala kwa makusudi.

Mtawala huyo alikuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye alikuwa ameujua ughaibuni kabla ya kukalia kiti. Baada ya kushindwa katika jaribio la kumpindua ndugu yake Seyyid Majid mwaka 1859, alipelekwa uhamishoni Bombay, na huko akaiona hali ya mji mkubwa wa bandari uliokuwa ukijengwa upya chini ya Waingereza. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, na katika safari hiyo akapitia Misri ya Khedive Ismail, nchi ambayo mwaka 1869 ilikuwa imefungua kwa mpigo Mfereji wa Suez na jumba la opera la Kairo, na ambayo waimbaji wake wa kasri, mashuhuri zaidi akiwa Abduh al-Hamuli, walisifika katika nchi zote za Waarabu. Kwa Sultani aliyetaka kuonyesha kwamba mtawala Mwislamu anaweza kuwa na mabomba ya maji mjini, mtambo wa kupiga chapa na kasri refu kama Beit al-Ajaib, iliyomalizika mwaka 1883, Kairo ilikuwa kielelezo kilicho karibu zaidi na nafsi yake kuliko London.

Kuvutiwa huko hakukuwa na maana ya kujiweka chini ya Misri, kwani katika mwaka huohuo wa 1875 majeshi ya Khedive yalitua Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya mamlaka ya Unguja, na yakaondoka baada ya shinikizo la Uingereza. Barghash aliutaka muziki wa Kairo akiwa mpinzani wa serikali ya Kairo. Simulizi iliyopokewa na wanataarab wenyewe yasema kwamba Sultani alileta kwanza wapigaji kutoka Misri ili wamtumbuize, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kanuni, naye aliporejea akawafunza wengine hadi likapatikana kundi la nyumbani la kutumbuiza kasrini. Jambo lenye uzito katika simulizi hiyo ni kwamba muziki huu ulianza kama zawadi ya mtawala kwa wageni wake, ukiimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wachache, na kwamba kuusikia kulikuwa alama ya kuwa umeruhusiwa kuvuka kizingiti cha kasri.

Kundi lililoigwa lilikuwa lile ambalo Wamisri waliliita takhti, yaani mkusanyiko mdogo wa wapigaji wachache wanaoketi pamoja, kila mmoja akiwa na ala tofauti: udi, kanuni, nai, fidla na rika, ambayo ni tari ndogo yenye visahani vya shaba pembeni. Kati ya hizo, kanuni ndiyo iliyopata kuwa nembo ya taarab ya Unguja. Ni sanduku bapa la mbao ambalo mpigaji huliweka mapajani au juu ya meza; nyuzi zake, ambazo kwa kawaida hupindukia 70, zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limekaa juu ya vipande vya ngozi vinavyoipa ala hiyo mlio wake mkali na mwepesi. Mpigaji huvaa pete katika vidole viwili vya shahada, na katika kila pete hubana kijiti chembamba cha kupigia, ilhali mkono wake wa kushoto huacha nyuzi mara kwa mara ili kuinua au kulaza vijiwiko vidogo vya chuma vilivyopangwa upande wa vigingi, ambavyo hupandisha au kushusha sauti kwa kiasi kidogo sana.

Vijiwiko hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini muziki huu ulikuwa na uwezo wa kumhamisha msikilizaji. Muziki wa Kiarabu hujengwa juu ya maqamu, yaani mifumo ya ngazi za sauti ambayo kila mmoja una mwendo wake, vituo vyake na hisia inayonasibishwa nao, na baadhi ya maqamu, kama vile Rasti, Bayati na Sika, zina sauti zinazoangukia katikati ya zile zilizo jirani katika piano. Sauti hizo za kati hazikupatikana katika beni, muziki wa tarumbeta na gwaride uliozagaa pwani wakati wa ukoloni, wala katika dansi la magitaa lililokuja baadaye. Kwa hiyo kundi la taarab lilipofungua shughuli kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu chenye sehemu zinazorudiwa kwa mpangilio maalumu, msikilizaji aliarifiwa kabla ya neno lolote kuimbwa kwamba ameingia katika dunia nyingine, yenye adabu na utaratibu wake.

Hatua ya pili ilikuwa kuutoa muziki kasrini na kuuweka mikononi mwa waungwana wa mjini. Mwaka 1905, katika utawala wa Seyyid Ali bin Hamoud, iliundwa klabu ya Ikhwani Safaa, ambayo ilichukua jina la jamaa ya wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 na ambayo ingali hai hadi leo. Wanachama wake walikuwa vijana wa familia zenye nafasi, waliokutana jioni kujifunza ala, waliochanga fedha za kuagiza vyombo kutoka Misri, na waliotumbuiza katika harusi na sikukuu bila kuufanya muziki kuwa kazi ya kujikimu. Wakati huohuo njia mpya ya kufika Kairo ilikuwa imefunguka, kwa kuwa makampuni ya Ulaya yalikuwa yameanza kurekodi waimbaji wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, na sahani za santuri zilizosafiri kwa meli ziliwawezesha wapigaji wa Unguja kurudia kipande kimoja mara nyingi hadi wakikamate, jambo ambalo mwalimu wa kupita asingeweza kulifanya.

Mpaka hapo safari ya kwenda Kairo ilikuwa bado ya wenye nasaba, na aliyeivunja desturi hiyo alikuwa mwanamke wa shamba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia iliyotokana na watumwa na iliyoishi kwa kufinyanga vyungu, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alihamia mjini mwaka 1911, miaka 14 baada ya amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, wakati ambapo maelfu ya watu waliokuwa wametoka utumwani, pamoja na watoto wao, walikuwa wakijenga maisha mapya Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Huko alijifunza kusoma Kurani kwa tajwidi na kuimba kwa mtindo wa Kimisri, akaunda kundi pamoja na wapigaji kama Subeti bin Ambari na Mbaruku Talsam, na kwa sauti yake akaingia katika nyumba ambazo kizazi kimoja kabla yake watu wa asili yake waliingia kwa mlango wa nyuma.

Siti aliichukua Kairo ya kasri pamoja na udi wake, fidla yake na maqamu zake, akaijaza mambo ya Ng'ambo. Aliimba Kiarabu ilipobidi, lakini nguvu yake ilikuwa katika Kiswahili, na nyimbo zake zilichambua kesi za mahakamani, mabwana wasiolipa, matajiri walioanguka na wanawake waliodhulumiwa. Mfano unaotajwa sana ni wimbo wa Kijiti, uliohusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam na kesi ambayo mtuhumiwa wake alikimbilia bara, huku adhabu ikiwaangukia watu wengine. Katika wimbo wa namna hiyo, ala zilimpeleka msikilizaji mbali na maneno yakamrudisha nyumbani kwa nguvu zaidi, kwani dhuluma ya mtaani, iliyozoeleka kusemwa kwa minong'ono, ilipata kuvikwa heshima ya muziki wa kisultani na kusikika barazani.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza iliwapeleka Siti na wenzake Bombay kurekodi, na sahani zilizotoka huko zikawa miongoni mwa rekodi za mwanzo za Kiswahili kuuzwa kwa wingi. Tokeo lake ni kwamba mwelekeo wa safari ulianza kugeuka. Msikilizaji wa Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam au visiwa vya Komoro, aliyeketi mkahawani karibu na santuri, alisikia ndani ya mtindo wa Kimisri sauti ya Unguja, lafudhi ya Kiunguja na habari za Unguja, na kisiwa hicho kikawa kwake mahali pa kuwazia kama Kairo ilivyokuwa kwa Waunguja. Siti alifariki mwaka 1950, na maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kwa miongo kadhaa kimesomwa na watu wengi kuliko waliopata kuzisikia sahani zenyewe.

Baada ya Siti, wanawake wa Ng'ambo waliunda vyama vyao vya taarab, vilivyokua kutokana na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake ya kushindana kwa mavazi na mafumbo. Baadhi ya vyama hivyo vilijiita kwa majina ya Kiarabu kama Nurul Uyuni na vingine kwa majina ya majeshi ya Uingereza kama Royal Navy, na katika kuchagua majina hayo walionyesha kwamba ughaibuni, uwe wa Mashariki au wa Magharibi, ulikuwa mali ya kila aliyejua kuutumia. Humo ndimo desturi ya kutunza ilipokomaa. Mwanamke aliyesikia ubeti unaomhusu, au anaotaka umguse jirani yake, huinuka kitini, husogea mbele taratibu kwa mwendo unaofuata mdundo, akiwa ameinua noti mkononi kwa namna ambayo ukumbi wote utaiona, na humtunza mwimbaji huku akitupa jicho upande alioukusudia. Mshairi hakutaja jina la mtu, mwimbaji hakumtazama yeyote, na aliyetunza hakutamka neno, lakini kila aliyekuwamo ukumbini alijua nani amesemwa.

Ushairi uliobeba mafumbo hayo ulifuata sheria za zamani za pwani. Ubeti wa kawaida wa taarab una mistari mitatu, kila mstari una mizani 16 iliyogawanywa katika vipande viwili vya mizani nane, na vina hufungwa katikati na mwishoni, kisha kiitikio hurudi baada ya kila ubeti. Hapa ndipo ufundi wa mtungaji wa muziki hujaribiwa, kwa kuwa lazima aioanishe mizani ya Kiswahili, yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mwendo wa maqamu ambayo haikuzaliwa kwa lugha hiyo. Pale kazi hiyo inapofanywa vizuri msikilizaji hasikii mshono, na pale inapofanywa vibaya neno hutamkika kama la mgeni, kosa ambalo hadhira ya Unguja hulikamata upesi.

Kuanzia miaka ya 1930 Kairo ilizidi kusogea. Filamu ya kwanza ya Mohammed Abdel Wahab ilitolewa mwaka 1933, na filamu za muziki za Misri zikawa zikionyeshwa katika majumba ya sinema ya Unguja, hivi kwamba wasikilizaji waliokuwa wakiiwazia Kairo kwa masikio waliiona kwa macho: kumbi zake, suti na tarbushi za wapigaji, na bendi kubwa zilizokuwa zikichukua nafasi ya takhti. Redio nayo ilileta matamasha ya Umm Kulthum, yaliyorushwa hewani Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, na ambayo wenye redio waliyasikiliza pamoja na majirani hadi usiku wa manane. Klabu za Unguja ziliitikia kwa kujipanua: fidla moja ikawa safu ya fidla, zikaongezwa selo, besi ya kusimama na akodioni, na wapigaji wakaketi katika safu mbele ya waitikiaji, mpangilio unaoonekana jukwaani hadi sasa.

Kairo hiyo ya miaka ya 1950 ilikuwa pia na sauti ya siasa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, serikali ya Gamal Abdel Nasser ilianzisha mwaka 1953 idhaa ya Sauti ya Waarabu, na mwaka 1954 ikaanza matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni, na kwa hiyo mawimbi yaleyale yaliyoleta nyimbo yalileta hoja za uhuru. Hata hivyo muziki huo haukuwa milki ya upande mmoja wa siasa za visiwani. Klabu ambayo leo inajulikana kama Culture Musical Club, au Mila na Utamaduni, ilianzia mwaka 1958 miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi Party, chama ambacho wafuasi wake wengi walikuwa watu wa Ng'ambo na wa mashamba, na ilipiga kanuni, udi na fidla kama klabu za wapinzani wake zilivyopiga. Watu waliogawanyika vikali katika suala la nani ana haki ya kuitawala Unguja walikubaliana juu ya namna muziki wa harusi unavyopaswa kusikika.

Ni vyema kukumbuka kwamba miji mingine ya pwani ilielekeza masikio yake kwingine. Mombasa, iliyokuwa na jamii kubwa ya Wahindi na majumba ya sinema yaliyojaa filamu za Bombay, ilizaa taarab iliyotumia tabla na kinanda na kuzivisha sauti za filamu hizo maneno ya Kiswahili, mtindo uliofikishwa kileleni na Juma Bhalo. Lamu, kupitia kwa wapigaji kama Zein l'Abdin, mzaliwa wa huko aliyefanya kazi yake Mombasa, ilidumisha udi wa mwimbaji mmoja uliokuwa karibu na Yemeni kuliko Misri. Tanga, kwa makundi ya Black Star na Lucky Star, iliingiza magitaa na midundo ya dansi, na kumtoa mwimbaji Shakila, aliyesikika redioni Tanzania nzima. Dar es Salaam ilikuwa na klabu iliyojiita Egyptian, na jina hilo latosha kuonyesha ilikotazama. Kwa hiyo taarab ya kila mji ilichora ramani ya mahusiano ya mji huo na bahari.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliweka swali gumu mbele ya muziki uliozaliwa kasrini. Sultani aliondoka, wengi wa matabaka yaliyoanzisha klabu za kwanza waliuawa, walinyang'anywa mali au walikimbia, na utawala mpya ulijitambulisha kwa Uafrika wa visiwa. Taarab ingeweza kutupwa pamoja na mabaki mengine ya usultani, lakini ilibakizwa, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa muziki wa watu wa Ng'ambo kwa muda wa nusu karne na kwa sababu chama kilichoshika madaraka kilikuwa na klabu yake yenyewe. Klabu ziliwekwa chini ya usimamizi wa chama na serikali, nyimbo za kusifu Mapinduzi zikatungwa kwa maqamu zilezile, na kanuni ikaendelea kusikika katika hafla za taifa.

Kando ya klabu hizo kubwa kulikuwa na kidumbak, ambayo mara nyingi imeitwa taarab ya wasio na uwezo, ingawa jina hilo linaipunja. Kundi lake lina fidla moja, sanduku la chai lililotobolewa na kufungwa fimbo na uzi ili litoe sauti ya besi, mikwasa, yaani vijiti vifupi vya kugonganisha, cherewa za vifuu vya nazi zilizojazwa mbegu, na vigoma viwili vidogo vya udongo vilivyoupa muziki huo jina lake. Mafundi wake, ambao wengi walipiga pia katika klabu kubwa, huchukua nyimbo za taarab zinazopendwa wakati huo na kuziharakisha kwa midundo ya ngoma za Unguja hadi wanawake wainuke kucheza. Palipo na kidumbak, bashrafu ya kimya na hadhira iliyoketi huondoka, na Kairo inashushwa uwanjani; harusi nyingi za Unguja zimekuwa na vyote viwili bila mtu kuona mgongano.

Mageuzi makubwa zaidi ya sauti yalikuja katika miaka ya 1990, yakiwa na kitovu Dar es Salaam. Vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992, vilishindana kwa mipasho, yaani nyimbo za kumrushia mpinzani maneno bila kificho, na nyota wao Khadija Kopa alikuwa ametoka katika klabu ya Culture ya Unguja. Safu ya fidla ilibadilishwa na kinanda cha umeme, ambacho kwa bei ya ala moja kiliweza kuiga ala kumi, na watu wakaacha viti. Lakini kinanda cha kawaida, kama akodioni kabla yake, hakina zile sauti za katikati ambazo vijiwiko vya kanuni huzitoa, na kwa hiyo watungaji wakaegemea maqamu zisizozihitaji, kama Nahawandi na Ajami, huku Rasti na Bayati zikififia. Taarab ya kisasa ilipata hadhira kubwa kuliko wakati wowote, na ikaacha kwa kiasi kikubwa kumpeleka msikilizaji Kairo; ilimweka palepale alipo, mbele ya hasimu wake.

Katika miaka hiyohiyo, taarab ya kanuni na fidla ilianza kumpeleka msikilizaji mahali pengine, napo ni zama zilizopita. Kwa Waunguja walioishi Omani na nchi nyingine za Ghuba tangu 1964, wimbo wa Ikhwani Safaa uliopigwa katika harusi ya Maskati ulirejesha mitaa waliyoiacha, na kwa namna hiyo muziki uliobuniwa kuifikisha Unguja katika nchi za Waarabu ukawa njia ya kuirudia Unguja kutoka huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mfululizo wa rekodi za taarab ya Unguja kwa wasikilizaji wa Ulaya, na mwaka 2005 mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa, ulifunguliwa kwa sahani ya kuadhimisha karne moja ya muziki huo. Mwaka huohuo Bi Kidude, mwimbaji aliyekulia katika kizazi kilichomfuata Siti na ambaye alifariki Aprili 2013, alipewa tuzo ya WOMEX, na watalii waliofika Mji Mkongwe wakawa wanaiuliza taarab kama wanavyouliza milango ya kuchonga.

Hamu hiyo ya zamani ina faida na hatari zake. Faida yake ni kwamba imeleta fedha na wanafunzi: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kimefundisha udi, kanuni na fidla kwa vijana, wakiwemo wasichana, ambao klabu za zamani hazikuwakabidhi ala hizo. Hatari yake ni kwamba Unguja ya zamani inayouzwa pamoja na muziki huo huwa ni ya karafuu, jahazi na kasri tu, na humo Fumba ya wafinyanzi, Ng'ambo ya waliotoka utumwani na wanawake waliotunza kwa noti moja hawaonekani, ilhali hao ndio walioufanya muziki wa kasri uwe wa nchi. Msikilizaji anayepelekwa katika Unguja ya namna hiyo amepelekwa mahali ambapo hapakuwahi kuwapo.

Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba taarab haikuwahi kuwa nakala ya Misri, na kwamba uwezo wake wa kumhamisha mtu ulitegemea vitu viwili vilivyofanya kazi pamoja, yaani sauti zilizokwenda mbali na maneno yaliyobaki nyumbani. Palipokosekana kimojawapo, muziki uligeuka kuwa pambo la wageni au ugomvi wa mtaani. Kwa sababu hiyo, wenye dhamana ya utamaduni wa visiwa hivi wana wajibu wa kulinda vyote viwili: kufundisha kanuni pamoja na maqamu zake zote, na kuzihifadhi rekodi za redio na santuri pamoja na majina ya washairi na maelezo ya visa vilivyotungiwa nyimbo hizo, maadamu wazee wanaovikumbuka wangali hai na wanaweza kuulizwa.